Picha Iliyozeeshwa Katika Bani la Tumbaku

Mwenye dhamana ya picha iliyotundikwa katika ofisi ya kijiji kile ni mwenyekiti wa wakati huo, wala si mwingine. Mpiga picha alitekeleza alichoagizwa, na moshi hauna hatia.

Kijiji hicho cha ujamaa kilianzishwa kando ya njia ya zamani ya misafara, magharibi ya Tabora. Mimi, nikiwa ofisa maendeleo, ndiye niliyekipimia viwanja. Siku ya uzinduzi hapakuwa na kamera. Miaka kadhaa baadaye ikaja taarifa kwamba mgeni kutoka mkoani angependa kuona picha ya siku hiyo. Badala ya kujibu kwamba haipo, mwenyekiti alimleta mpiga picha, Mhindi mwenye studio mjini Tabora, akaamuru kijiji kizinduliwe upya.

Duka la ushirika, lililojengwa baadaye, lilizibwa kwa nyasi lisionekane. Mama mmoja, ambaye siku ya uzinduzi alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, alitakiwa kumbeba tena. Mtoto sasa alikuwa darasa la kwanza. Alifungwa kwa khanga, miguu ikining'inia hadi magotini mwa mama yake.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu ananivunja kiuno!"

"Vumilia, mama. Hii ni historia."

"Basi ibebe wewe hiyo historia!"

Nami nilikwenda kusimama mahali pangu, kulia kwa mwenyekiti. Akanitazama kuanzia kola hadi tumbo.

"Ndugu Ofisa, utatuharibia. Siku ile ulikuwa mwembamba."

"Lakini ndiye mimi!"

"Ndiyo shida yenyewe."

Yeye mwenyewe alikwishaota upara. Alivaa kofia, shauri likaisha. Kwa tumbo langu hapakutafutwa dawa. Aliitwa karani wa duka la ushirika, mtu mwembamba aliyehamia kijijini juzijuzi tu, akakabidhiwa kamba yangu ya kupimia. Nilimgeukia mpiga picha anitetee.

"Bwana mkubwa," akasema bila kuondoa jicho kwenye kamera, "tafadhali sogea. Kivuli chako kinaingia."

Picha ilirudi kutoka mjini ikiwa nyeupe na inang'aa mno. Mwenyekiti akaitundika kwenye moshi wa bani, pamoja na majani ya tumbaku yaliyokuwa yakikaushwa, hadi ikapata rangi ya chai. Mgeni alipoishika alipiga chafya, akasifu utunzaji wetu wa kumbukumbu, kisha akampa mkono karani na kumwuliza viwanja vilipimwaje. Karani alieleza bila haya. Maelezo hayo alikuwa ameyachota kwangu asubuhi ileile, akijifanya anapiga soga.

Hivi karibuni niliwapeleka wajukuu wangu wakaone kazi ya babu yao. Mmoja alimgusa karani kwenye kioo cha picha ile ofisini.

"Babu, kumbe ulikuwa mtanashati!"

Nilisema huyo si mimi. Mtendaji wa kijiji, kijana mwenye adabu, alinisahihisha: "Samahani, mzee, huyu ndiye aliyepima viwanja vyetu. Tunawafundisha hivyo hata watoto wa shule."

Kwa hiyo nadai picha hiyo iteremshwe, na watoto waelezwe ukweli. Aidha, nadai mwenyekiti wa wakati huo, ambaye yu hai na ana afya njema, afike mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kueleza ni kwa mamlaka gani aliteua mtu mwingine kuwa mimi, ilhali nilikuwa nimesimama palepale, ninamtazama.