Maji ya Pikapu

Juzi, nje ya Kitengela, niliona pikapu kuukuu imefunguliwa boneti. Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka ikanirudisha mbali.

Tulikuwa tunampeleka koko, mama yake baba, hospitali Kajiado. Feni ya injini ilikuwa imekufa, kwa hivyo tulisimama kila mara baba amwagie rejeta maji. Maji ya mtungi tuliobeba yalipokaribia kuisha, nilimjazia koko kikombe.

“Pea gari,” alisema. “Mimi siko na kiu.”

Nilimwamini, ingawa midomo yake ilikuwa imepasuka.

Gari ilifika. Niliinamisha kichwa mbele ya koko anishike utosini, vile watoto husalimu wazee kwetu. Niliinama nikingoja mkono wake, mpaka baba akamfumba macho, akaniondoa.