Mdomo Wenye Neno

Nilipokuwa bado mtoto wa kulala miguuni pa bibi yangu, kwetu Ugogo iliaminiwa kwamba pua ya mtoto mchanga haizibwi na baridi peke yake. Baridi huanza, walisema wazee, lakini kinachokaza ni neno, yaani jambo ambalo mtu wa nyumba ile amelifungia moyoni na hataki kulitoa. Naandika habari hii kama nilivyoiona. Ndugu yangu Chilewa huisimulia kwa namna nyingine, tena kwa ufasaha kuliko mimi, ingawa usiku wenyewe yeye ndiye aliyekuwa mchanga.

Ilikuwa wakati wa vita, Wadachi wakiwa bado na boma lao Dodoma. Jumbe alikuwa amepita kila tembe akidai mtu wa kubeba mizigo ya jeshi, na kwetu alikwenda baba. Tulibaki bibi, ambaye alikuwa mama yake baba, mama yangu, baba mdogo Malogo, ambaye hakuwa ameoa, mimi, na Chilewa, aliyezaliwa baba ameshaondoka. Kipupwe kilikuwa kikali. Mchana upepo uliingiza vumbi hata kwenye vibuyu vya maziwa, na usiku baridi ilipenya paa la udongo mpaka ndama tuliolala nao wakasogelea moto.

Jua lilipotua Chilewa alikuwa akikoroma kidogo tu. Tulipolala, pua ilikuwa imeziba kabisa. Mtoto wa umri ule bado hajui kuvuta pumzi kwa mdomo akiwa ananyonya. Alilishika ziwa, akavuta mara moja, akaliachia na kulia, akalishika tena. Kilio chenyewe kilikuwa kikipungua. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba kilikuwa kikipungua bila yeye kushiba. Bibi aliyeyusha samli kwenye kigae, akampaka puani kwa unyoya wa kuku. Akachemsha majani, akamwinamisha mtoto juu ya mvuke. Haikusaidia.

Dawa ya mwisho kila mama aliijua: kuweka mdomo kwenye pua ya mtoto, kuvuta makamasi, na kuyatema majivuni. Mama alikuwa ameshainama, bibi akamshika bega.

"Bado," alisema. "Mdomo wenye neno haunyonyi pua ya mtoto. Utamwingizia."

Mama aliinuka. Msomaji wa leo atashangaa kwa nini hakumsukuma yule mzee kando. Hakumsukuma kwa sababu aliamini kama bibi alivyoamini, na kwa sababu alijua kilichokuwa moyoni mwake mwenyewe.

Bibi alileta kata ya maji. Desturi ilikuwa hivi: kila mtu wa nyumba huchukua funda, hulishika kinywani huku akijikagua, kisha hulitema kizingitini na kusema neno lake. Asiye na neno husema hana. Lakini anayemeza maji yale amelimeza neno pamoja nayo, na hapo mtoto hana tena wa kumsaidia.

Nilianza mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo. Nilisema sina neno, nikaogopa papo hapo kwamba huenda ninalo nikalisahau. Akafuata Malogo.

"Nina neno na yule beberu," alisema baada ya kutema. "Amekula mkanda wangu, na kila nikimtazama anatafuna."

"Beberu hanyonyi pua ya mtu," bibi alimjibu. "Sema la kweli au nyamaza."

"Basi sina, mama."

Mama alichukua funda lake. Mashavu yake yalijaa, akatembea hadi kizingitini, akasimama. Hakutema. Nilimwona kwa mwanga wa moto akitazama nje kwenye zizi, Chilewa akiwa mikononi mwa bibi akipigania pumzi kwa sauti nyembamba kama ya kitu kinachochanika. Mama aligeuka akamtazama mtoto. Akamtazama bibi. Koo lake likapanda na kushuka.

"Umemeza," bibi alisema.

Malogo alishika ukuta. Mimi nilianza kulia, si kwa sauti, kwa kuwa nilijua maana yake, na nilihesabu kwamba ndugu yangu amekwisha kufa.

"Chukua jingine," bibi alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chukua, mwanangu. Litoe hata kama ni langu."

Mama alichukua. Safari hii alitema kwa nguvu hata maji yakaruka hadi kwenye miguu ya ndama.

"Ni lako, mama," alisema. Hakuwahi kusema naye bila kuinamisha kichwa, lakini usiku ule alikiinua. "Jumbe alipokuja ulimwambia Malogo ni mgonjwa. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amelala mle ndani, hana mke wala mtoto. Ukamtoa baba wa watoto hawa, na mimi tumbo liko hivi. Kila ninapokupakulia ugali nalikumbuka."

Nilidhani bibi atafoka. Alimpa mama mtoto wake, akachota maji mwenyewe, akayatema.

"Jumbe hakuchagua," alisema. "Nilichagua mimi. Huyu ni wa mwisho, niliona hataweza mzigo. Nikasema yule mkubwa atarudi." Akaiweka kata chini. "Sasa mdomo wako ni mtupu. Mnyonye mwanao."

Mama aliinama. Alivuta, akatema majivuni, akavuta tena. Chilewa alipiga chafya, akapumua kwa kelele, akalitafuta ziwa. Alinyonya bila kuachia. Bibi aliketi kwenye kigoda akamtazama mpaka nilipopitiwa na usingizi.

Kulipokucha Malogo hakuwepo. Alikuwa amekwenda bomani kujitoa badala ya kaka yake. Huko aliambiwa msafara umekwisha kuelekea kusini, akarudi peke yake. Baba hakurudi.

Nilipokwenda shule nilifundishwa mafua ni nini. Najua sasa kwamba pua ya Chilewa ingezibuka kwa mvuto wa kwanza, neno litolewe au lisitolewe, na kwamba desturi ile karibu imuue kwa kumchelewesha. Nimewahi kumwambia mama hivyo. Alisema, "Huenda," akaendelea kupepeta mtama. Lakini pia najua kwamba habari za baba zilipofika wanawake wale wawili walinyoa nywele pamoja, wakala chungu kimoja mpaka bibi alipofariki, na sijui wangewezaje kama neno lile lingekuwa bado ndani.

Mimi mwenyewe nimelea watoto, na wote wamewahi kuziba pua usiku. Sikumwita mtu, sikuchota maji. Niliinama mara moja nikavuta, kama inavyopasa. Ila sikuwahi kuinama bila kujiuliza kwanza, kwa haraka, nani nimemkasirikia. Na mara moja, jibu lilipokuja, nilimwamsha mume wangu nikamwambia anyonye yeye.