Kidole cha Muguu wa Kushoto

Kama unapita Mudzipela na unaona mwanamuke munene anatembea akiyumba kama meza yenye muguu mumoja mufupi, ni miye. Usinihurumie. Magoti yangu yaliharibika kwa kazi, na ile kazi niliipenda. Nilipigana catch, ile mieleka ya kulipia mulangoni, yenye ulingo, kamba na kelele ya kuziba masikio. Kwa miaka mingi hakuna mwanamuke wa Bunia aliyeniangusha bila siye wawili kupatana kwanza.

Nilizaliwa Aveba, kwenye mashamba. Nilisoma mpaka darasa la tatu primaire, kisha nikapewa jembe. Herufi zangu ni kubwa kama za mutoto, lakini ni zangu. Nilifika Bunia na mume, na mutoto mumoja mugongoni, nikaanza kubeba magunia sokoni. Siku moja mukubwa wa wapiganaji wa catch aliniona nimeshika gunia ya maharagwe kwa bega na mwizi kwa shati, na hakuna nilichoachilia. Akaniuliza kama najua kuanguka. Nikamwambia sijawahi kujaribu.

Mume wangu akasema nichague: ulingo ao nyumba. Nikachagua. Akaondoka na redio. Mutoto akabaki.

Watu wanasema catch ni uongo. Nani atashinda, ile tunapatana mbele, ndiyo. Lakini mbao za ulingo hazijui mapatano yenu. Mufupa unagonga kweli.

Siku ya kupigana tulizunguka muji juu ya kamio ya muzigo, nyuso zimepakwa majivu, ngoma zinalia, wamama wanatoka jikoni na miko mikononi kutuangalia. Wengi walikuja kuona kitu kimoja tu: namna nilikuwa nakufa. Hakuna aliyenifundisha. Napigwa, naanguka, sipumui tena. Wananifunika shuka nyeupe. Ngoma inapiga mara moja, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu naamuka na shuka kichwani, na uwanja muzima unapasuka.

Kanisani walisema niko na dawa. Hawakuelewa. Kwa ile miaka ya vita watu wa hapa walizika sana. Kulikuwa wamama waliokuja wakiwa wamenyoa nywele za kilio, wanakaa mbele kabisa, wananiangalia nimelala pale. Wakati naamuka walilia kuliko wakati nilikufa. Mumoja alinishika mukono wakati natoka. Alinibonyeza tu, kama mutu anayechagua nyanya sokoni, kisha akaenda.

Magoti yalipokataa, mutoto wangu alikuwa mwanaume tayari, mwenye mabega kama mulango. Nikamurithisha kufa kwangu. Yeye anaanguka, miye napiga ngoma. Tukaweka alama yetu: kidole kikubwa cha muguu wa kushoto kinabaki inje ya shuka. Akishavuta pumzi na yuko tayari, anakitikisa kidogo. Hapo ndipo napiga. Kila pigo, kidole kwanza. Bila kidole, hakuna ngoma. Ile sheria niliitunga miye mwenyewe.

Asubuhi ya ile siku tulikuwa tunakunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Binti yake, mujukuu wangu wa pekee, alikuwa bado mudogo, amekaa juu ya mapaja ya baba yake. Miye kinywa changu hakilali. Nikaanza kumuchokoza baba.

"Siku hizi unaangukaka kama gunia ya mihogo. Unajiwekaka chini pole pole, kama mwanamuke wa mimba."

"Na weye, mama? Weye ulikuwa unaanguka sababu ya kushiba."

"Nilikuwa naanguka na watu wanazimia! Weye, hata kuku haiwezi kukulilia."

"Leo utanililia weye mwenyewe."

"Panda basi kamba ya juu kabisa, kama uko mwanaume."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika.

Ulingoni, akapanda kweli kamba ya juu kabisa. Alisimama pale, akanitafuta kwa macho karibu na ngoma, akanikonyeza. Mwenzake akamusukuma kama walivyopatana. Akaanguka kinyumenyume, na kiuno chake kikakuta ukingo wa mbao. Watu walipiga kelele ya furaha. Na miye nilijisemea: ndiyo, mutoto wangu, hii sasa ndiyo kufa.

Wakamufunika shuka. Nikaangalia kidole. Hakikutikisika. Nikangoja. Watu wakaanza kupiga mikono wakiita ngoma. Nikafikiri ananiringia, ananilipiza maneno ya asubuhi. Nikapiga. Nikaangalia tena. Kidole kimelala. Nikapiga ya pili.

Kati ya ya pili na ya tatu nilijua. Naandika hivi bila kupaka mafuta: nilijua. Lakini watu walikuwa wanangoja, na katika kazi yangu yote sikuwahi kuacha watu wakingoja. Nikapiga ya tatu.

Hakuamuka. Mutu akapiga mbinja. Mwingine akapaza sauti: "Mama, huyu amesinzia, mupe chai!" Wakacheka. Nikaona haya. Nikaingia ulingoni na magoti yangu mabaya, nikavuta shuka, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamuinua akae mbele ya watu wote. Ndani ya mugongo wake nikasikia kitu kinalia, kidogo tu, kama bua bichi la muhindi likivunjika.

Watu walipiga mikono. Walipiga sana.

Hospitali, munganga aliuliza: "Nani alimuinua huyu?"

Nikajibu: "Watu."

Akaandika. Akasema mugongo umevunjika na ile miguu haitatembea tena. Mutoto wangu alipopata akili tena, hakukumbuka kitu chochote baada ya kamba. Aliniuliza tu kama watu walilia. Nikamwambia walilia.

Muke wake alienda Aru kufanya biashara. Kwanza alikuwa anarudi, kisha zikawa zinarudi salamu tu. Mutoto wangu sasa anatengeneza simu, juu ya meza mbele ya nyumba, ndani ya kiti chake cha magurudumu. Na kila asubuhi miye nilikuwa namuosha: beseni, maji ya moto kidogo, sabuni. Nikifika muguu wa kushoto, kile kidole nilikishika kuliko vingine. Alifikiri ninaomba Mungu.

Mujukuu wangu amekomaa. Anasoma kazi ya infirmière. Katika ukoo wetu hakuna mutu mbele yake aliyevaa bluzi nyeupe ya hospitali. Ile bluzi ninaipiga pasi ya makaa miye mwenyewe, na siku ya kwanza nilimusindikiza kwa miguu Mudzipela yote, nikisalimia hata watu nisiowajua, ili waone.

Siku moja ya Yenga mwaka huu, tumetoka kanisani, alitandika mukeka mbele ya nyumba.

"Koko, lala hapa. Weye ni mutu ameanguka na pikipiki barabarani."

"Kufa unataka kunifundisha miye?"

Baba yake akacheka pale kwenye meza yake. Nikalala chali. Yule binti akapiga magoti, akashika kichwa changu kwa mikono miwili, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mwalimu.

"Mutu ameumia mugongo, haumuinui. Hata kidogo. Unamuacha vile iko, unaita wenye kujua. Ukimuinua, unaweza kukata ile kamba ya ndani, na miguu inakufa."

Kisha akaangalia baba yake. Niliona lile neno linatembea ndani ya kichwa chake mpaka likafika.

"Papa, weye nani alikuinua?"

"Watu," mutoto wangu akasema, turunivisi ya kufungulia simu mukononi. "Uliza koko yako, alikuwa pale."

Akaniangalia kutoka juu. Ningesema tena "watu". Neno lenyewe lilikuwa tayari mudomoni, nimelizoea kama mate yangu. Lakini kichwa changu kilikuwa ndani ya ile mikono yake.

"Ni miye," nikasema.

Mutoto wangu akauliza: "Ulisema nini?"

"Ni miye nilikuinua."

"Ulisema ni watu."

"Nilisema. Ni miye."

Akaweka turunivisi chini. Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua la kufanya, kelele ninaizoea.

"Kidole ilitikisika?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Na nilipiga zote tatu."

Akageuza kiti, akaingia nyumbani. Gurudumu likagonga muimo wa mulango. Nilitaka kuamuka nimusukume, lakini na haya magoti, nikilala chali siwezi kusimama bila mutu kunivuta. Mujukuu wangu alikuwa amesimama pembeni, mikono imeshikana nyuma. Nililala pale nikiangalia juu mpaka jua likanihama.

Kesho yake mutoto wangu alimuambia binti yake amuoshe yeye. Miye nikabaki na kazi ya maji. Ninapasha, ninaweka beseni mulangoni, ninarudi jikoni.

Binti alinifuata huko jikoni siku moja, akasema pole pole: "Koko, inawezekana mugongo ilikuwa imekwisha kuvunjika kwa ile mbao. Hakuna mutu atajua." Alisema kama anavyowaambia wagonjwa, vizuri kabisa. Nilimushukuru. Nikaendelea kumenya mihogo.

Jana alianza staji ya kujifunza kazi hospitali, akatoka mapema. Nikaweka beseni mulangoni kama kawaida. Nikasimama.

"Nani iko hapo?"

"Ni miye."

"Mutoto amekwisha kwenda?"

"Amekwenda."

Mvuke ulikuwa unakwisha juu ya maji.

"Basi ingia. Maji inapoa."

Nikaingia. Nikamuosha mabega, ule mugongo na kovu lake, mapaja yaliyokonda. Nikafika muguu wa kushoto, nikashika kidole.

"Unaangaliaka nini pale kila siku?"

"Unajua."

Naye akainamisha kichwa, akakiangalia. Tulikiangalia siye wawili.

"Haitatikisika, mama."

"Najua."

"Sugua basi."

Nikasugua.