Jiwe la Nyuma ya Gurudumu

Mke wangu aliniwekea sharti moja tu, na lilikuwa wazi kama mchana: siku gari letu litakapoweza kukaa mlimani bila jiwe, niende kwao Ntimaru nikawachukue, yeye na binti yetu. Hakutaka wazee wakae kikao. Hakutaka nipige magoti mbele ya mtu. Handbreki tu, basi. Mimi ni fundi wa magari, nimeishika kazi hii Migori mjini tangu nikiwa na nywele nyingi kichwani, na sharti lile lilinishinda.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya kupita hata pale ambapo barabara yenyewe imekata tamaa. Aliyeliendesha zaidi ni yeye. Alinunua omena, wale dagaa wa ziwani, kule Sori, akapanda nazo hadi Ntimaru kwa Wakuria wenzake, akarudi na mahindi. Mimi ni Mjaluo. Kijaluo alikijua cha sokoni, mimi Kikuria sikujua hata cha kuombea maji, kwa hiyo nyumbani tulipendana kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiswahili. Aliniita Fundi. Wateja waliniita hivyo kwa heshima, yeye aliniita hivyo kwa utani, na mimi nilipenda zaidi ule wa kwake.

Breki za nyuma zilikuwa za dramu. Ndani ya dramu kuna lainingi mbili zinazotanuka na kubana ukuta wake, na waya wa handbreki unavuta lainingi hizo hizo. Sasa tope la Nyatike, njia ya kwenda Sori, likishaingia mle ndani halitoki, na oili ya ekseli nayo ilikuwa ikivuja taratibu. Handbreki ikawa pambo. Gia nayo haikusaidia sana, maana injini ilikuwa imechoka, na ukiliacha gari kwenye gia mlimani linasogea kidogo kidogo. Ndiyo maana mke wangu alibeba jiwe. Lilikaa chini ya kiti, jeusi, ukubwa wa mkate, na kila aliposimama alishuka akaliweka nyuma ya gurudumu kwanza ndipo akafanya mengine.

Aliniambia zaidi ya mara mia. Fundi, badilisha sili ya ekseli inayovujisha oili, kaza ule waya. Kazi ya nusu siku, na nilijua ni kazi ya nusu siku. Nikamwambia kesho. Magari ya watu nilifungua injini nzima nikafunga, lakini letu ni kesho. Nilimwambia mganga hajigangi, nikacheka peke yangu.

Siku ya Sori mimi sikuwepo, nilisimuliwa. Binti yetu, miaka mitano, alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele. Mama yake aliliweka jiwe kama kawaida, akaenda kupima omena hatua chache tu kutoka pale. Ardhi ya ufukweni ilikuwa imelowa maji na magamba ya samaki. Jiwe liliteleza. Gari likarudi nyuma kimya kimya hadi ziwani, maji yakafika kwenye milango, na wavuvi wakaruka wakalishika kabla halijaenda mbali. Mtoto hakuumia hata kucha. Ila aliamka ndani ya gari lililozungukwa na maji, akimwona mama yake anakimbia huku anapiga mayowe, na kwa siku mbili hakusema neno. Siku ya tatu waliondoka wakaenda Ntimaru. Sikuwa na la kumzuilia.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angebadilisha sili, angeweka lainingi mpya, angekaza waya, na Jumapili ile ile angekuwa kwa wakwe zake anakunywa uji. Mimi nilisema hapana. Nilisema dramu ndizo adui, nitazing'oa zote mbili niweke breki za diski, kama magari ya kisasa. Diski hazishiki tope, hazifi majini. Hayo yote ni kweli. Lakini nitasema ukweli mwingine pia, kwa vile nimezeeka, siwezi tena kuuficha: handbreki haina sifa. Hakuna fundi aliyewahi kuzungukwa na watu kwa sababu amekaza waya. Diski za nyuma, ambazo Migori sikujua mwingine aliyeziweka kwenye gari kuukuu namna ile, hizo zingesemwa. Nilitaka mke wangu arudi, na nilitaka arudi kwa fundi anayesemwa.

Kalipa, vile vibanio vinavyoibana diski, nilizipata Homa Bay, kwa muuza spea mmoja Mwislamu aliyekuja kutoka Pwani miaka mingi iliyopita. Alizigeuzageuza mkononi kabla hajanipa. Akaniuliza, "Ndugu yangu, hizi ni za mbele. Hazina mkono wa handbreki. Waya wako utaufunga wapi?" Nikamjibu nitajua mbele ya safari. Akanishauri nisubiri, angeniagizia zenye mkono, zingechukua wiki tatu hivi. Nikakataa. Alitikisa kichwa akasema haraka haraka haina baraka, na mimi nikaona ananichosha na methali za watoto wa shule.

Nilifanya kazi siku nne. Niling'oa dramu, nikakata bamba la chuma la kushikilia kalipa, nikatoboa, nikachomelea, nikapima, nikakosea, nikaanza upya. Diski zilipokaa zikazunguka bila kugusa popote, mafundi jirani walikuja wakachuchumaa kuzitazama, na mmoja akapiga picha. Wueh, nilivimba kichwa.

Kilichobaki kilikuwa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini ya gari, mwingine kwenye pedali. Miaka yote wa kwenye pedali alikuwa yeye. Mimi chini nasema kanyaga, shika, achia, na yeye juu ananiuliza kama nimelala huko. Safari hii nilitumia chupa na mpira, njia ya mtu aliye peke yake. Nilipanda, nikakanyaga, nikashuka, nikatazama, nikapanda tena. Nililia pale chini ya gari mchana kweupe, na hilo sikumwambia mtu.

Kisha nikampigia simu. Nilimwambia nimemaliza. Akauliza, "Hata jiwe halihitajiki tena?" Nikamwambia nikija utaona mwenyewe kwa macho yako. Akasema watafunga nguo zao.

Nilifika Ntimaru Jumapili asubuhi. Breki zilikuwa tamu njia nzima; ukigusa tu, gari linatii. Hesabu yangu ilikuwa nitaegesha mahali palipo sawa, jiwe lisionekane, na handbreki, ambayo waya wake sasa haukuwa na pa kufungwa, nitaitafutia dawa baadaye tukiwa nyumbani. Lakini boma la baba mkwe limekaa mlimani, na mimi nililijua boma lile miaka minane. Mahali pekee palipo sawa palikuwa pameanikwa mahindi. Nikasimama pale mteremkoni, pua ya gari ikitazama nyumba, mguu wangu kwenye pedali.

Sikushuka. Baba mkwe alitoka akasimama barazani na fimbo yake, akingoja mkwe ateremke amsalimie. Nikamsalimia kwa dirishani. Hakuitikia, na ningekuwa yeye nisingeitikia pia. Mke wangu alikuja. Begi lilikuwa mlangoni nyuma yake, limefungwa. Alitazama diski, akasema zinang'aa. Akasema shuka basi, Fundi, mzee anakungoja. Nikaanza kueleza habari za kalipa. Nilieleza muda mrefu. Goti lilianza kutetemeka kwa kukanyaga.

Alitazama ule mguu. Kisha akanitazama usoni, na hakukasirika. Ningeomba angalau akasirike. Alizunguka nyuma ya gari. Nikasikia anatafuta kitu kwenye majani, nikasikia jiwe linasukumwa kwenye tairi na kugongwa mara mbili na kiatu, kama alivyofanya siku zote. Alirudi dirishani anafuta mikono kwenye leso.

"Sasa shuka," alisema. "Msalimie baba, unywe chai, uende."

Nilishuka. Nilimsalimia mzee, nikanywa chai. Begi lilirudishwa ndani nikiliona. Binti yangu hakusogea. Nilimwita, akatabasamu, lakini hakuja. Alikuwa amesimama juu, karibu na mlango wa jikoni. Nilidhani ananionea haya baada ya wiki zile zote, hadi nilipogeuka kuangalia gari ndipo nikaelewa. Alikuwa amechagua upande wa mlima ambao gari, hata jiwe likiteleza, lisingeweza kumfikia.