Riyali Iliyokwenda Buterere

Jirani yangu Mahfudha anauza vitambaa hapa Buyenzi, na mimi nashona kwenye baraza lake, huu ni mwaka wa kumi na tisa. Yeye hajasafiri kupita Uvira, hapo ng'ambo ya mpaka. Lakini mtu wa mtaa akienda mbali hupita kwanza kwake kuombewa dua, na akirudi humletea pesa ndogo ya huko: sarafu ya Uturuki, kwacha ya Zambia, baisa za Omani. Haziuzi wala hazibadilishi. Ndani ya kila noti hutia kijikaratasi chenye jina la mji na la aliyeileta, akaikunja, akaiweka kwenye kopo la maziwa ya unga. Mchana wateja wakipungua hulimwaga kopo mapajani, akatembea nchi hadi nchi.

Aliyoipenda kuliko zote ni noti ya riyali moja. Marehemu mume wake, Obeid, alirudi nayo kutoka hija, mwaka mmoja kabla hajafa.

Kuna kopo la pili kama hilo, la Ijumaa. Siku hiyo wamama maskini hupita madukani kupokea sadaka. Mahfudha hukunja noti ndogondogo mapema, ili anayepewa asione haya mbele ya wenzake, na anayetoa hutoa bila kutazama. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyokosea.

Ijumaa moja alikwenda msibani Ngagara, akaniachia duka. Nikatia mkono koponi, nikampa wa kwanza, Ernestine, bibi wa Buterere, mtaa wa maskini pembeni ya mji, anayeuza mboga za lengalenga. Niliporudisha mkono kuchukua ya pili nikasikia sarafu zinagongana. Kopo la Ijumaa halina sarafu. Nikafungua kijikaratasi kimoja kimoja. Riyali ya Obeid haikuwemo, na Ernestine alikwishapotea kwenye watu.

Mahfudha aliporudi nilimweleza kichwa chini.

"Kesho mi nitaenda Buterere kumutafuta," nikasema.

"Apana, mama Ilyasi. Ulimupa kwa jina la Mungu?"

"Ndiyo."

"Basi imetoka. Sadaka hairudishwi."

Hakunigombeza. Lakini wiki nzima lile kopo la pesa za mbali halikufunguliwa, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Ijumaa iliyofuata Ernestine alifika kabla ya wenzake. Akatua kikapu, akafungua fundo la kitenge chake.

"Mama Mahfudha, ile feza mulinipa ni ya wapi? Nimeenda kununua chumvi, mwenye butiki akacheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama na mi nimekuwa hadji."

Nilinyoosha mkono kuipokea. Mahfudha akanishika.

"Ni yako, Ernestine. Mi siwezi kuirudisha, hata kuinunua siwezi. Sadaka yangu siitamani tena."

"Butiki inaikataa, na we unaikataa. Sasa mi niipeleke wapi, kwa padri?"

Hapo ndipo nikamweleza Ernestine habari ya Obeid, na mkono wangu uliokosea kopo. Alisikiliza mpaka mwisho, akiilaza noti kwenye goti.

"Kwa hiyo iko yangu," akamwambia Mahfudha.

"Iko yako."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi mi nakupa. Hii siyo sadaka, ni zawadi. Ama zawadi ya mutu wa Buterere hamupokee?"

Nikakumbuka somo la madrasa: maskini akishapewa sadaka ni mali yake, naye akimpa mwenzake, hiyo ni zawadi na ni halali. Nikamnong'oneza Mahfudha. Alilijua somo hilo kuliko mimi, ila huzuni ilikuwa imemsahaulisha. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema Alhamdulillah polepole, kisha akanituma nilete chai ya tangawizi ya watu watatu.

Tukiwa tunakunywa, akaomba kalamu. Kwenye kijikaratasi kilichokuwa bado ndani ya noti, kilichoandikwa "Makka, Obeid", akaongeza chini yake: "Buterere, Ernestine."

Kabla Ernestine hajaondoka nilimpa noti yake ya Ijumaa, safari hii kutoka kopo lenyewe. Akaikunjua palepale mbele yangu, akaitazama pande zote mbili.

"Eh, hii itanunua chumvi," akasema.