Siku Niliyoliangusha Jengo la Kansanga kwa Macho

Nikisikia watu wanacheka pale Kansanga, hapa Kampala, hugeuka haraka nikidhani wananicheka mimi, na mara nyingi huwa kweli. Kwa kuwa kisa chenyewe wameshaanza kukisimulia vibaya, heri nikisimulie mwenyewe, aibu ikiwa nzima.

Shule niliiacha mapema (au iliniacha, tusigombane), lakini nikiwa kwenye vibarua vyangu, leo Kibuli, kesho sijui wapi, husikiliza kwenye simu wataalamu wanaochunguza jinsi akili ya mtu inavyoona na kuwaza. Hapo ndipo niliposikia kwamba mtu akikuta wenzake wanatazama mahali naye atatazama, na akidokezwa kwamba kuna kitu, ubongo wake utamsaidia kukiona. Nikamweleza Okello, mtoto wa askari, mwenzangu wa chumba kule Kisugu.

"Hao ni watu wa kwingine," akasema. "Mtu wa Kampala ana haraka zake. Hawezi kusimama kutazama hewa."

Ningenyamaza ningekuwa mtu mwenye heshima leo. Badala yake, Jumamosi asubuhi tulipofika Kansanga, nilisimama kando ya barabara, nikainua kichwa na kukazia macho ghorofa ya juu ya jengo moja kuukuu. Sikufanya kingine. Muuza chapati akatazama, dereva wa bodaboda akasimama na abiria wake, wakatazama wote wawili, na muda si muda umati ulikuwa umenizunguka, mimi katikati nikijiona profesa, Okello kule ng'ambo ya barabara akitikisa kichwa.

Mama mmoja mwenye beseni la nyanya akaniuliza, "Ssebo, bwana, kuna nini?"

Nami, ili jaribio lisiharibike, nikajibu, "Sijui, mama. Hebu tazama vizuri ile kona."

Akatazama. "Banange, jamani! Ufa!"

"Umeongezeka," akasema yule wa bodaboda, ambaye nina hakika hakuwahi kuliangalia jengo lile maishani mwake. "Jana haukuwa mrefu hivi."

"Na linainama!"

Huku kwetu, ambako kila mtu amewahi kusikia habari ya ghorofa iliyoanguka, neno hilo halihitaji shahidi. Wenye maduka ya chini wakaanza kutoa magunia. Nikainua macho niwaonyeshe kwamba hakuna kitu, na wallahi nikauona ufa, na mawingu yalikuwa yakikimbia nyuma ya paa kwa namna ambayo jengo lote lilikuwa linanijia mimi, polepole, kama ng'ombe aliyekasirika. Nikakimbia. Mtu pekee aliyejua kwamba hakuna kitu ndiye aliyetangulia kukimbia, tena akipiga kelele, na waliokuwa bado na shaka wakaiacha pale pale.

Sasa, kwenye ghorofa ya juu kulikuwa na saluni ya Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, na kwenye kiti chake kulikuwa na bibi harusi. Alishuka ngazi mbio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu nyingine imesimama, kiatu mguu mmoja, na Mama Furaha nyuma yake na kitana mkononi.

"Nani alisema nyumba inaanguka?" akauliza Mama Furaha.

Vidole vikanitafuta, vikanipata nyuma ya meza ya chapati.

"Njo weye?" akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao, yaani, ndiwe wewe?

Nikaungama mbele ya wote: hakuna ufa, nilikuwa najaribu tu kuona kama watu watatazama. Nilitegemea wapumue. Wakakasirika.

"Mwongo! Kama hakuna, ulikimbia nini?"

Swali zuri.

"Amehongwa na mwenye jengo," akasema mama wa nyanya.

Bibi harusi analia, kanisani wanamsubiri, na juu harudi. "Bora niolewe hivi hivi!"

"Ukienda kanisani na kichwa nusu, nani atakuja tena kwangu?" Mama Furaha akamwambia, kisha akanishika ukosi. "Kijana, panda. Utaruka-ruka pale juu barazani, watu wote waone kwamba jengo halianguki."

Nikapanda. Nikaruka.

"Hiyo si kuruka!" wakapiga kelele kutoka chini. "Ruka kama mwanaume!"

"Aruke kwa mguu mmoja," akaongeza bibi harusi, machozi yamekauka.

Nikaruka kwa mguu mmoja, nimefumba macho, nikikiogopa kitu nilichokitunga mwenyewe, nikiomba kwa dini zote ninazozifahamu. Ndipo bibi harusi akakubali kupanda, kwa sharti kwamba nisitoke barazani mpaka asukwe kichwa chote, na kila alipoingiwa na wasiwasi aliita, "Kaka, ruka!" nami naruka, na Okello chini anapiga makofi.

Aliondoka amechelewa, lakini amependeza kichwa kizima. Mama Furaha akanisukumia ngazini nishuke.

Pale chini mama wa nyanya alinivuta kando, akaninong'oneza kwa huruma, "Ufa upo, mwanangu. Mimi niliuona."

Nikatazama. Kidogo tu.

Nimejiapiza kwamba elimu ile nitaisikiliza, sitaijaribu tena kwa mtu. Nilipokuwa nikiwasikiliza wale wataalamu, nilidhani wanawazungumzia watu wengine.