Maneno ya Kumwambia Mjomba

Majirani zangu wa Lisekese wakisikia kwamba mimi ni kocha wa viongozi, huuliza timu gani. Nami huwaeleza taratibu. Mtu akianzisha karakana, shule au kikundi, siku moja anaamka anakuta watu wamekaa wanamsubiri aseme leo tunafanya nini. Hakuna aliyemfundisha kusema. Basi mimi hukaa naye na kumuuliza maswali mpaka ajisikie mwenyewe akijibu. Majibu simpi. Nikimpa, atanihitaji kila asubuhi.

"Kwa hiyo wewe unalipwa kwa kuuliza," fundi baiskeli mmoja aliniambia.

"Na kwa kunyamaza pia," nikamjibu.

Mmoja wa watu wangu yuko Mkunya, juu huko Newala. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu ambaye alifanya kazi kiwandani Mtwara, kisha akarudi nyumbani kuanzisha karakana ndogo ya kubangua korosho nyuma ya nyumba ya mama yake. Aliajiri wanawake wa jirani wabangue na kumenya. Kwenye pipa la mvuke alimweka mjomba wake, kaka mkubwa wa mama yake.

Shida ilianzia kwenye pipa hilo. Korosho ghafi hupikwa kwanza kwa mvuke ili ganda lilegee. Zikitolewa mapema, kiini hung'ang'ania ganda, na mbanguaji akibana, kinavunjika. Mjomba alikuwa anazitoa mapema. Amekua akichoma korosho juu ya bati, ambako ukichelewa kidogo tu zinaungua, na mkono wake haujaacha kuogopa kuungua. Vipande vikazidi. Mnunuzi wa Masasi, ambaye ndiye mnunuzi pekee waliyekuwa naye, akasema mzigo ujao ukija hivyo hatauchukua.

"Umemwambia mjomba?" nilimuuliza.

"Mama, yule ni mjomba," akanijibu.

Nilimwelewa. Kwa Wamakonde wengi mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ndiye anayesimama kwenye posa, kwenye msiba na kwenye ugomvi wa shamba. Kila asubuhi yule binti aliingia karakanani mwake, akapiga goti na kusema shikamoo. Goti likishagusa chini, utasemaje tena kwamba umeniharibia kazi?

Akapata njia. Ukoo wao una watani, na mtani anaweza kumwambia mtu chochote bila kukosana naye. Angemtuma mtani.

"Mtani akishasema," nikamuuliza, "mjomba atamjibu nani?"

Akamtuma vilevile. Mtani akaja siku ya kazi, akachuchumaa karibu na pipa.

"We mzee, mbona unapika korosho kama unazionea huruma? Ndiyo maana mkeo hakuachii chungu."

"Afadhali mimi napika," mjomba akasema. "Kwenu mnakula mbichi na maganda."

Karakana nzima ikacheka, na mjomba akacheka kuliko wote. Akampa mtani korosho za kutafuna njiani. Kesho yake akafungua pipa mapema vilevile.

Nilipofika nilimkuta binti amekaa juu ya magunia. "Alicheka, mama. Alicheka, halafu hakubadilisha kitu."

Ndivyo utani ulivyo. Haumuumizi mtu kwa sababu haumlazimishi kitu. Binti alikuwa na neno la kumlazimisha mtu, akalipeleka kwa njia isiyolazimisha. Sikumlaumu. Nimewaona wenye ofisi kubwa wakipitisha maneno yao kwa katibu, kwa dereva, hata kwa tangazo la ukutani, ilimradi wasimtazame mtu usoni.

"Leo mimi ndiye mjomba," nikasema. "Niambie."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Kuna nini?"

"Mjomba, watu wanasema..."

"Watu gani?"

"Yaani, mnunuzi anasema..."

"Yuko wapi huyo, nikamwone?"

Akajifunika uso kwa khanga, akicheka. "Mama, wewe mkali kuliko yeye."

"Watoe watu wote hapa kati. Tubaki wewe na mimi."

Tukarudia mara kadhaa. Mwishowe alisema, "Mjomba, kazi hii naijibia mimi. Naomba pipa lisifunguliwe mpaka niseme." Akanitazama. "Ni kukosa adabu?"

"Wewe umesikiaje?"

Akafikiri. "Ni kweli tu."

Aliniomba nisiondoke. Nikakaa na wamenyaji, nami nikishika korosho moja nisiyoimenya. Nilijua anachoweza kupoteza: mjomba akiondoka kwa hasira, uwanja ule ni wa familia, na mama yake atabaki katikati. Binti akapiga goti, akasalimu, akaketi kwenye gogo kando ya mjomba. Akasema maneno yaleyale. Mashine za kubangulia zikapunguza sauti, moja baada ya nyingine.

Mjomba aliutazama moto. "Ni wewe unayesema, au huyu mama mgeni wako?"

"Ni mimi."

"Sasa mtani ulimtuma wa nini?"

"Nilikuogopa."

"Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda zahanati."

Binti hakuyaondoa maneno yake. Mjomba akasimama. Nikadhani anakwenda zake. Akasogeza kiti chake mbali na mfuniko, upande wa kuni.

"Haya. Useme wewe, mimi nichochee. Lakini akija mtu na posa, asije hapa karakanani. Aje kwangu, na huko sitaki kuambiwa saa ya kufungua mlango."

Wanawake wakacheka. Mjomba akaunyoosha mkono kwenye mfuniko, kwa mazoea.

"Bado, mjomba," akasema.

Akaurudisha mkono, akaongeza kuni.

Mzigo ule mnunuzi aliuchukua. Vipande havikuisha, ila vilipungua. Nilipopanda tena Mkunya, binti alinieleza hilo harakaharaka, kwani alikuwa na jambo jingine: mama mmoja, rika la mama yake, alikuwa anachelewa kazini.

Nikaketi, nikajiandaa kuwa mama huyo. "Unataka kumwambiaje?"

"Nilishamwambia jana," akasema. "Nataka tu nikusimulie nilivyosema."